Kiungo wa Barabara ya Kumi na Nne

Jezi kumi na nane kila Jumatatu,
mabeseni mawili, sabuni ya mche,
bomba likigoma, maji ya kisima cha kina Mwanapili.
Mimi ndiye dobi wa Reli Ngamiani,
timu ya ligi ya mkoa, isiyo na basi wala bima,
na mpira naujua kwa madoa.

Mshambuliaji huchafuka magotini,
kwa kushangilia.
Kipa, ubavu mmoja, ule anaoupenda kuangukia.
Winga wetu Shekue hachafuki kabisa;
mkewe atakuwa na bahati.
Kiungo huchafuka kote.

Basi alipokuja yule Mwairishi,
kamfuata mkewe, mhandisi wa kiwanda cha saruji,
miaka thelathini na sita, nywele zimeanza kumkimbia,
shingo nyekundu kama pweza aliyechemshwa,
uwanja ulicheka.
Jina lake Fintan. Vijana wakamwita Fitina.
Akaelezwa maana, akacheka, akalibeba.

Alinisimulia maisha yake siku moja, uani kwangu,
akikamua soksi bila kuombwa,
kwa Kiswahili cha kuokoteza.
Ana miaka kumi na sita, akavuka maji kwenda Uingereza
na begi la babaake lililofungwa kamba.
Kumi na tisa, wakamwita ofisini,
wakampa mkono,
mkono mwingine ukamwonyesha mlango.
Akarudi kwao. Miji midogo, mvua,
mishahara ya kesho-kesho,
alfajiri akisambaza mikate, jioni mazoezi.
Misimu kumi na saba.
Mechi mia nne na ushee.
"Na magoli?"
Akahesabu kwa vidole, mkono mmoja ukatosha,
kidole gumba akakikunja tena:
"Hili liligonga mgongo wa mwenzangu."

Nikamwonea huruma. Kosa langu.

Goti la kushoto lilikuwa na mishono mitatu.
Nikamfundisha: kwetu sisi, goti ni kiungo,
bizari ni kiungo,
na wewe namba nane, kiungo.
Akalitazama goti muda mrefu.
"Kumbe niliumia kwenye jina langu."

Siku ya Muheza nikaenda kutazama,
mara ya kwanza kwa miaka tisa.
Mpira ulimfikia haukukaa.
Kushoto. Nyuma. Kushoto tena.
Nyuma yangu mtu wa kahawa anapiga kelele,
"Chenga, Fitina! Hata moja ya kuonja!"
Hakupiga.
Dakika ya themanini akageuza kichwa,
kichwa tu, kulia,
mabeki wawili wakakifuata kile kichwa,
na mpira ukaenda kushoto kwa Sengasu,
Sengasu kwa Shekue,
Shekue wavuni.

Wakambeba Shekue hadi stendi.
Redio ilimtaja Shekue, ikamtaja Sengasu,
ikamtaja mwenye duka aliyetoa maji.
Pasi iliyozaa pasi haina mtangazaji.
Pilau ikiliwa husifiwa nyama.
Mimi nilibaki jukwaani natazama vidole vyangu
vilivyochunwa na sabuni,
nikiwaza ule weupe wa jezi ya Shekue,
na nani aliuweka pale.

Yeye alikuwa amekaa chini peke yake,
anafungua kamba za viatu,
anatabasamu kama mtu aliyelipwa deni.

Mkataba wa mkewe ukaisha mwezi wa sita.
Hakuniachia picha wala saini.
Aliniachia nusu mche wa sabuni
na njia yake ya kukamua soksi:
anza vidoleni, malizia kisiginoni.
Ni kweli, hukauka upesi.

Namba nane akapewa Mhina,
kijana wa Makorora, fundi wa danadana.
Jumatatu ya kwanza akaniletea jezi
imekunjwa vizuri, inanukia manukato.
Nikaigeuza mbele, nikaigeuza nyuma.
Nikairudisha mapajani mwake.
"Hii haijavaliwa," nikamwambia.
"Nenda kacheze, ndipo uilete."