Tumelipa Kupika

Wiki ya pili tangu wafungue, huku Capri Point,
rangi ya ukutani bado inanuka.
Shangazi Nyanzobe kaketi, pochi mapajani,
kama yuko benki.

Kijana kaleta nyama. Mbichi.
Vipande vyembamba hata ua la sahani linaonekana.
Akawasha jiko katikati ya meza, akainama, akaenda zake.

"Huyu anarudi saa ngapi kupika?"
"Harudi, Shangazi. Ni sisi."

Alicheka mpaka meza ya jirani ikageuka.
Miaka thelathini Mwaloni anakaanga sangara,
leo kavaa viatu vya kanisani
aje alipe, apike.

Vijiti alivikataa.
Akageuza nyama kwa vidole vyake visivyojua moto,
akaniwekea mimi,
akamlisha na mhudumu aliyekuwa akijipitia.

Sufuria ya supu ilipochemka alinusa,
akanyamaza, akachota kijiko.
"Dagaa," akasema polepole,
kama aliyemkuta mtoto wa jirani ugenini.
"Hawa ni ndugu zao."

Bili ilipofika aliisoma yote, sauti ya chini,
kisha akaigeuza nyuma
kutafuta walipoandika
ujira wake.