Inchi Mbili

Hawakuipa jina. Waliipa herufi na namba,
kama mfungwa, kama gunia la bandarini.
Barrow, mwaka wa nne wa karne,
mvua inapiga madirisha ya chumba cha michoro,
nasi wasichana kumi na wanne tumeinamia meza,
kitani juu ya karatasi, wino juu ya kitani,
tunanakili mawazo ya wanaume.

Mimi, Tamar Postlethwaite, nilipewa tumbo lake:
matangi ya maji ya kuizamisha,
chupa za hewa ya kuirudisha juu,
betri zilizobanana chini ya sakafu kama mikate tanuruni,
na injini ya petroli
ambayo hata kwenye mchoro niliisikia ikinuka.
Watu kumi na mmoja. Choo hakuna.
Nilikitafuta katika karatasi zote saba.

Kisha nikafika kwenye valvu ya nyuma,
gurudumu lake, na bomba la shaba lililopita kando.
Nikapima. Nikapima tena.
Inchi mbili.
Mkono wangu mwenyewe, mdogo, wenye doa la wino,
usingepita pale ukiwa umekunja ngumi.
Nikamwendea Bwana Threlfall na rula yangu.
Hakuinua macho. "Binti,
wewe umeajiriwa mkono. Kichwa tunacho."
Nikarudi nikazichora, inchi mbili,
kwa mstari safi kuliko yote niliyowahi kuchora.

Iliteremshwa majini Jumanne, bila bendi,
fupi, nyeusi, yenye haya,
kama kitu kilichozaliwa kabla ya siku zake.

Vita vilipokuja ilikuwa imeshazeeka;
kwa chombo cha namna ile miaka kumi ni uzee wa mbwa.
Wakaipeleka Blyth, ilinde mdomo wa mto
ambamo meli za makaa ya mawe huingia na kutoka.

Mwaka wa kumi na saba mama akapata mpangaji,
Wilf Cragg, fundi wa injini,
jeshi limemrudisha na mapafu yake mabovu.
Akimaliza kula alikusanya makombo, akayatia mfukoni.
Ya panya, alisema, kisha akaona aibu.
Walikuwa na panya weupe watatu kizimbani:
petroli ikivuja, wao huanguka kwanza.
Wakianguka, tunapanda juu,
kama juu kunapandika.

Nikamuuliza walizamisha meli ngapi.
Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.
Miaka mitatu, topido moja,
nayo ilipita chini ya meli ya Wajerumani
ikaenda kuua mchanga.
Kazi yetu ilikuwa kungoja. Saa kumi na sita chini,
hewa imechoka hata kiberiti kinakataa kuwaka,
chuma kinatoka jasho, kinatudondokea shingoni,
tunasikiliza propela za watu tusiowajua
zikipita juu yetu kama cherehani.

Ndipo alipounyosha mkono kuchukua chumvi.
Makovu manne, yamepangwa sawasawa
juu ya vifundo vya vidole.
Sikuhitaji rula.

"Haya?" akasema. "Kila aliyekuwamo anayo.
Tunatambuana kwayo baa.
Kuna valvu moja kule nyuma,
ukiifungua kwa haraka inakung'ata,
na haikupata kutokea siku ya kuifungua polepole."

Nilimsogezea chumvi. Hilo tu ndilo nililofanya.

Nyambizi waliiuza kwa wakata vyuma, tani kwa tani.
Michoro nayo ilitugawiwa, sisi wanakili, siku ya kuagana:
ukikichemsha kile kitani, wanga hutoka, wino hutoka,
unabaki na kitambaa laini cha kushona leso.
Nilishona sita. Imebaki moja.
Ukiiinua mbele ya dirisha utaona kitundu
pale nilipoikita ncha ya bikari
nizungushe lile gurudumu.

Mume wangu hukoholea humo.
Bado sijamwambia.