Kigari cha Bi Mwanate

Kimeletwa karakana, kigari kama kibaba,
Bondeni waulizana: cha kupanda, cha kubeba?
Bi Mwanate akanuna: "Urithi wangu wa baba!"
Fundi Badi kajibana chini, na spana ya saba.

Vita kwisha, haba chuma, Wajapani wakawaza,
Yai wakalitazama, kimya likawaeleza:
Bati bapa hutetema, kulipinda hulikaza,
Injini ikawa nyuma, uzito wakapunguza.

Chumvi imekula kando, Nzaro kaleta libamba,
Badi akaweka nyundo: "Hapa pataka wembamba!
Uzito huiba mwendo, gramu hugeuka mwamba."
Kidole chagusa pindo, kama ashonaye pamba.

Ijumaa kikawaka, moshi wake samawati,
Bi Mwanate kajiweka, na kikapu cha chapati,
Makupa kikazimika, msururu katikati;
Vijana wakajitwika, wanne, Bi ndani kaketi.