Mchoro Nyuma ya Stakabadhi

Shaame Faki kalileta gitaa halina nyuzi,
limefungwa kanga ya mamake, fundo limemeza jina
likabakisha neno moja tu: *hayakuhusu*.
Akalilaza mezani kwangu, hapa Utaani, Wete,
baina ya feni mbovu na pasi isiyopata moto.
"Mize," kasema, "nnataka sauti ambayo humu haimo."

Humu mna sauti tatu. Nimezihesabu.
Swichi ikilala juu, ni ya shingoni: nene, imeshiba.
Ikilala chini, ni ya darajani: limau kwenye kidonda.
Katikati zinasema zote mbili, sambamba,
majirani wa baraza moja, kila mtu na lake.

"Hiyo ya nne ikoje?"
Akalitafuta neno, hakulipata.
Akabana pua akaimba kidogo,
kisha akatazama mvua, kaona haya.

Nikachukua stakabadhi ya karafuu ya msimu uliopita.
Mbele: kilo kumi na saba, sahihi ya mpimaji.
Nyuma: peupe.
Nikachora koili mbili na sumaku zake,
poti ya sauti, poti ya ukali,
kapasita ya rangi ya chungwa, ndogo kama dengu,
na ardhi, ile mistari mitatu inayofupika kwenda chini
kama mtu anayekata kauli.

Ardhi haina mjadala.
Waya utazunguka utakavyo, mwisho urudi pale.
Ukiusahau mmoja, gitaa litavuma
mpaka jirani agonge ukuta.

Swichi ya miguu sita niliing'oa
kwenye redio ya kaseti ya marehemu baba.
Kila usiku akiisogeza kwa kidole gumba,
huku, kule,
akiinamisha kichwa kusikiliza tofauti.
Tofauti haikuwapo. Spika ilikuwa moja.
Sikumwambia.

Saa nne umeme ukakatika.
Nikakichoma chuma cha lehemu kwenye jiko la mkaa,
tochi ya simu nimeing'ata kwa meno,
nyaya nyembamba mno, nyekundu na nyeusi,
na kwenye giza la tumbo la gitaa
nyekundu na nyeusi ni ndugu.

Umeme uliporudi akatia nyuzi, akachomeka, akapiga.
Juu, sawa. Chini, sawa.
Katikati:
besi yote imekimbia,
sauti imekonda, imetoboka, inatokea puani.
Nikajua papo hapo. Nimeigeuza koili moja.
Moja inasema njoo, nyengine inasema nenda,
yaliyo sawa baina yao yanafutana,
kinachosikika ni kile walichohitilafiana.

Nikanyoosha mkono kwenye chuma.
"Usiiguse!"
Akapiga tena, uzi mmoja, polepole.
"Mama alikuwa hivi," kasema,
"akiniita toka chumba cha cherehani,
pini zimejaa mdomoni."

Mimi fundi. Kosa silikalii kimya, silitupi pia.
Nililipa swichi yake:
ukisukuma huku, koili zinapatana;
kule, zinakosana.
Ikabidi nichore upya pembezoni mwa mchoro wa kwanza,
mishale juu ya mishale,
nikaandika *hii makusudi*
ili fundi wa kesho asijitie kunisahihisha.

Nikaikunja stakabadhi nikaizika humo ndani, chini ya poti,
nikafunga kifuniko kwa skrubu nne; moja si ya mahali pake.
Atakayelifungua ataona njia za nyaya,
akigeuza ataona kilo kumi na saba
na atajiuliza karafuu zimeingiaje.

Shaame ataka nimpunguzie. Ati nilikosea.
Nimemwambia kukosea ni bure.
Kulijua kosa likae wapi,
hiyo ni elfu kumi na tano,
na kanga aniachie mpaka alipe.

Kalipa palepale.