Mwenye Nyumba

Kijana wa benki anaitwa Rhydian.
Nilimpakulia viazi akiwa darasa la pili.
Hakumbuki, nami sikumkumbusha:
anayekuja kukopa haanzi kwa kudai.
Alinitazama kama mtu anayesoma tarehe
kwenye pakiti ya maziwa.

"Bi Prosser, una miaka hamsini na minane.
Mkopo sharti uishe kabla hujatimiza sabini na mitano.
Hiyo ni miaka kumi na saba.
Ukiwa na sabini na miwili utakuwa unafanya kazi gani?"

Nilitaka kumwambia: nitakuwa ninakoroga.
Tangu ujana wangu nakoroga mchuzi
wa watoto mia tatu, shule ya mlimani, hapa Abertawe,
na mkono huu wa kulia, ukiutazama vizuri,
ni mwiko wenye mishipa.
Nikasema, "Kazi. Halafu pensheni. Halafu tutaona."
Akaandika mawili ya kwanza.
La tatu halikuwa na kisanduku.

Navuta sigara? Sivuti.
Wazazi walikufa kwa nini?
Baba, mapafu; alikuwa mtu wa mgodini.
Mama, kumngoja baba.
Akaandika: moyo.

Kisha akayapitia matumizi yangu kwa kalamu ya kijani,
mwezi baada ya mwezi, kama mwalimu asahihishaye.
"Hizi za kila Ijumaa?"
Samaki na chipsi, za watu wawili.
"Fomu inasema unaishi peke yako."
Ndiyo.
Kalamu ikangoja.
Ya pili naila Jumamosi, nikasema,
na hapo tukafungua ukurasa mwingine.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi nilikaa miaka thelathini na mmoja
na jembe sikupewa:
kifungu cha tisa cha mkataba kilikataza kuchimba bustani.
Cha kumi kilikataza misumari ukutani,
ndiyo maana picha ya Idris
imesimama sakafuni miaka yote hiyo,
kama mtu aliyeambiwa asubiri mlangoni.
Bwana Bowen hakuwa mbaya.
Kila Aprili kodi ilichipua pamoja na maua,
basi, hilo tu.
Alipokufa wanawe wakataka kuuza,
wakanipa miezi mitatu na kadi ya pole,
sijui pole ya nani.

Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha ya umeme:
kodi niliyolipa ingeinunua nyumba ile mara mbili
na chenji ya jiko jipya.
Benki ya kwanza ilinikataa kwa barua,
ya pili kwa simu,
ya tatu kwa kunyamaza.
Dada yangu Mair akasema, "Watu wa rika letu
wanamaliza madeni, wewe ndiyo unayaanza."
Nikamwambia deni nimelilipa maisha yangu yote, Mair,
ila lilikuwa la mtu mwingine.

Rhydian alipiga simu nikiwa nachuja kabeji.
Mvuke ulikuwa mzito; alirudia mara mbili.
Kabeji ya siku ile iliiva kupita kiasi
na watoto mia tatu ni mashahidi.

Nikatia sahihi mara kumi na nne.
Jina langu lilichoka kabla yangu.

Halafu Novemba, mvua ya ubavuni,
saa nane usiku nikasikia tone juu ya ngazi.
Tone. Nikashuka kuchukua beseni.
Tone. Nikashika simu, kwa mazoea,
nikatafuta herufi B,
nikampata Bowen, marehemu, na namba yake,
kidole kikabaki hewani.
Nikakaa kwenye ngazi na nguo ya kulalia.
"Mwenye nyumba," nikaita gizani, "paa linavuja."

Nikangoja kidogo, kama ada.
Kisha nikakohoa kama alivyokuwa akikohoa
na nikajijibu:
"Nimesikia, Eluned. Nitapita wiki ijayo."