Daraja la Pili

Mji wetu una madaraja mawili juu ya Tisza.
La kwanza ni la malori; halimjui mtu.
La pili ni la chuma kikuukuu, mbao zake zinalalama,
na ndilo tunalolipita sisi, kila Jumamosi ya ugenini,
kwa basi dogo la klabu lenye usukani unaonata.

Unanata kwa sababu dereva ni Vilma,
na Vilma ni pivoti, na gundi ya msonobari
haijamtoka vidoleni tangu majani yapukutike.
Ameisugua kwa mafuta ya kupikia, ameisugua kwa chumvi.
Buchani, akimfungia mteja nyama,
karatasi inakataa kumwacha.

Mimi sichezi. Mimi ni Etelka, mshika saa.
Miaka kumi na tisa mezani, kidole juu ya kitufe.
Watu husema muda haumngoji mtu.
Waje waone. Mwamuzi akipiga filimbi tatu fupi
naufunga kama bomba la jikoni,
na hautoki hata tone.

Leo tuko nyumbani, ukumbi wa shule.
Sakafu ina mistari ya michezo mitano; wetu ni wa manjano.
Watazamaji sabini na wanane, nimewahesabu,
pamoja na mtoto aliyelala
na Dezső mfagizi, ambaye haangalii mpira.
Anaangalia sakafu
atakayoikwangua gundi hadi Jumatatu.

Leo tukishinda, tunapanda.
Leo tukishinda, hatupandi.
Kila mtu anajua: barua imo mfukoni mwa Gellért, kocha,
imekunjwa mara nne. Juu huko wanataka ada,
wanataka viti elfu moja, wanataka daktari wa timu.
Sisi tuna mipira kumi na miwili
na sufuria ya soseji mlangoni.
Chumba cha kuvalia hakuna aliyeitaja.
Janka alijifunga plasta kidole baada ya kidole,
akarudia kidole gumba mara mbili.

Ya nini basi? nilitaka kuuliza.
Lakini mwenye saa haulizi.

Ishirini na sita kwa ishirini na tano, sisi juu.
Zimebaki sekunde nne, na Rozália,
mjinga wangu mpendwa Rozália,
anaudaka mkono wa mrushaji angani.
Filimbi. Dakika mbili nje. Mita saba.

Nimeufunga muda.
Nikitaka, sekunde hizi nne zitaota ndevu.

Golini yupo Emőke, miaka thelathini na sita,
magoti yake yana historia ndefu kuliko klabu.
Saa kumi alfajiri huwa posta, akipanga barua:
hii Szolnok, hii Debrecen, hii haina anwani.
Mikono yake inajua kila kitu kinakwenda wapi
kabla macho hayajasoma.

Msichana wa kushoto anahadaa mara moja, mara mbili,
anarusha chini.
Ugoko.
Mpira unapaa, unagonga wavu wa taa,
vumbi la miaka linatushukia mezani,
nami naachia zile nne zitiririke, moja moja,
sikuiba hata robo.

Dezső alikuwa katikati ya uwanja, na viatu vyake vya matope,
anapiga kelele kuliko wote.
Mtoto aliamka akalia.
Vilma alimnyanyua Rozália, ambaye naye alikuwa akilia,
sijui kwa kipi.

Jumapili Gellért alijaza fomu kwa wino mweusi:
klabu inashukuru, klabu haitapanda.
Akaitia kwenye sanduku la kona, stempu imekaa upande.

Na Jumatatu, saa kumi na robo,
ikashuka kwenye mkanda pamoja na bili na kadi za harusi,
mbele ya Emőke, ugoko wake umevimba ndani ya soksi.
Aliujua mwandiko.
Aliishika. Gundi iliyobaki ikaing'ang'ania kidogo, pale kidoleni.

Kisha akaiacha ipite.