Hesabu ya Handaki

Verlin, leo nimeshuka na taa na daftari lako,
lile la jalada jekundu lenye duara la kikombe cha kahawa.
Ngazi kumi na moja. Ya sita bado inalia.
Mpwa wako Dacey yuko juu na lori,
hazimi injini; anaogopa baridi ya vilima hivi.

Handaki hili baba yangu alilichimba kwa ajili ya kimbunga.
Benchi mbili, kandili, ndoo, chupa za mapichi:
kwake mwisho wa dunia ulikuwa huo, wa nusu saa.
Wewe ulikuja na mwisho wako.

Kwanza kopo moja la chuma, kijani cha jeshi.
"La tahadhari tu, Oleta." Kisha matatu.
Kisha ule mwaka maduka yalipobaki rafu tupu
ukavuka mpaka wa jimbo usiku kucha,
ukarudi alfajiri macho mekundu,
una furaha kama mtu aliyetoka harusini.

Ulinifundisha kuchagua, nami siwezi kusahau hata nikitaka.
Ndogo, ishirini na mbili, za kindi na sungura:
mia tano zinaingia mfuko wa koti.
Marisau ya bata mzinga.
Ndefu, za ganda la shaba, za kulungu na za
(hapo ulinyamaza, ukafuta mdomo).
"Usitawanye aina," ulisema. "Nunua aliyonayo jirani,
siku ikifika mtaazimana."
Jirani ni Hobart Tull.
Hukuwahi kumwazima hata msumeno.

Za zamani mbele, mpya nyuma,
kama nilivyopanga maharage yangu.
Vifuko vya kunyonya unyevu ulivitoa katika masanduku ya viatu vyangu,
vyote, miaka ishirini ya viatu.
Akiba haiozi, husema watu.
Hawajauona ukuta huu mwezi wa nne
unavyotoa jasho.

King'ora kilipolia kweli, tulishuka mbio
tukakuta hatuna pa kukaa.
Benchi zimejaa. Tukaketi juu ya makopo, magoti yakigusana,
nawe ukanikataza kuwasha mshumaa.
Nilikushika mkono. Sijui kama ulijua ni mimi
au ni giza tu limekushika.

Halafu Januari ya barafu.
Mialoni ilivunjika usiku kucha, paa! paa!
nawe dirishani, bunduki mapajani,
ukilinda nyumba dhidi ya miti.
Siku kumi na moja bila umeme. Hakuja mwizi.
Alikuja Hobart, akiteleza, na nusu debe la mafuta ya taa,
akasimama mlangoni akaona bunduki,
akaliweka debe chini polepole, akaondoka.

Siku ya tisa Dulcie alianguka zizini,
mguu wa mbele umekatika, mvuke ukimtoka puani.
Mlango wa handaki umeganda. Tuliupiga shoka,
shoka likaruka.
Risasi elfu kumi na nne zimelala humu kama viazi,
nasi jikoni tunapekua droo:
mipira ya kufungia, viberiti, ufunguo usio na kufuli,
na moja, sijui ya mwaka gani, imeshika kutu ya kijani.
Mikono yako ilitetemeka.
Nilikwenda mimi.

Sasa naisoma hapa, kwa penseli yako:
*Imetoka: 1. Farasi. Oleta.*
Haikuwa hata ya akiba hii, Verlin. Ulipunguza tu.
Elfu kumi na tatu mia tisa tisini na tisa.
Tangu hapo hukununua tena, wala hukusema kwa nini,
wala mimi sikuuliza.

"Shangazi! Ni ngapi?" Dacey anaita.
Namwambia achukue zote, asihesabu, daftari limekosea kwa moja.
Tayari nimeondoa makopo manne ya mwisho kwenye benchi ya baba.
Mbao ni kavu. Ina upana wa watu wawili.
Nakuja, namjibu,
nikae kwanza.